Gari linatetemeka kwenye kasi baada ya kufunga rimu mpya: tatizo liko wapi na linaondokaje

Rimu mpya zimefungwa, balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) imefanywa, na mjini gari limetulia kabisa. Ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa usukani unaanza kutikisika mikononi. Ukipita 120 mtikisiko unapungua. Wengi hurudi kwenye mashine ya balansi mara ya pili, hata ya tatu, na mashine inasoma sifuri kila mara. Mashine haijakosea. Gurudumu lina kitovu kimoja likiwa kwenye mashine, na kitovu kingine likiwa kwenye gari.

Mashine hulishika gurudumu kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati la rimu. Rimu za kiwandani kwa kawaida hukaa kwenye gari kwa tundu hilohilo, ambalo huvaa mdomo wa habu (sehemu ya gari ambayo gurudumu hufungwa juu yake) bila kuacha nafasi. Rimu za kununua kando hutengenezwa zifae magari ya aina nyingi, kwa hiyo tundu huachwa pana, mara nyingi 73.1 mm. Habu ya Toyota nyingi zenye nati tano ni 60.1 mm, Honda nyingi 64.1, Nissan nyingi 66.1, Subaru nyingi 56.1. Hapo mdomo wa habu haugusi kitu, na kazi yote ya kuliweka gurudumu katikati inabaki kwa nati.

Piga hesabu uone uzito wa jambo hili. Rimu na tairi vikiwa na kilo 20 kwa pamoja, na gurudumu likikaa pembeni kwa 0.3 mm tu, ni sawa na kubandika chuma cha gramu 30 upande mmoja, sentimita 20 kutoka katikati. Kwa kilomita 100 kwa saa tairi la 205/55R16 huzunguka kama mara 14 kwa sekunde, na gramu 30 hizo huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 5, kila mzunguko. Kasi ikipungua nusu, nguvu hiyo hubaki robo. Ndiyo maana mjini husikii kitu.

Kwanza hakikisha ni magurudumu

Kama bado unazo rimu za zamani, zirudishe na uende barabarani. Mtetemo ukitoweka, umeshajua. Kama hunazo, sikiliza: ukitikisika usukani, anza mbele, kikitetemeka kiti na sakafu, anza nyuma. Ukitokea unapokanyaga breki tu, kagua diski. Ukitokea unapoongeza mafuta na kupotea ukiachia, kagua ekseli na jointi zake. Na kama gari lililala limeegeshwa, endesha kilomita 15 hadi 20 kabla ya kuamua lolote, maana tairi hubonyea kidogo pale linapogusa ardhi na hurudi likipata joto.

Kuliweka gurudumu katikati

Pima kwa kalipa vipimo viwili: kipenyo cha mdomo wa habu na kipenyo cha tundu la rimu upande wa nyuma. Usitegemee orodha pekee, kwa sababu modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Tofauti ya vipimo hivyo hujazwa na ringi ya habu, kwa mfano ya 73.1 kwa 60.1. Ringi sahihi huingia kwa kusukumwa na kidole gumba na haichezi. Ikichezacheza, haina kazi. Za plastiki ngumu zinatosha kwa matumizi ya kawaida, lakini breki zinazopata joto kali huziharibu. Za aluminiamu hustahimili joto, ila huganda kwenye habu, kwa hiyo zipake filamu nyembamba ya grisi ya kuzuia kuganda. Grisi hiyo isifike kwenye stadi (bolti za habu) wala nati. Ringi haibebi uzito wa gari. Uzito hubebwa na msuguano wa rimu iliyobanwa kwenye uso wa habu. Kazi ya ringi ni kulenga katikati tu.

Kabla ya kuvisha ringi, safisha uso wa habu na diski kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ondoa vibanio vyembamba vya kiwandani vilivyoachwa kwenye stadi, na uangalie kama ringi ya zamani haijasalia nyuma ya rimu. Kipande cha kutu chenye unene wa 0.1 mm kikinaswa hapo, ukingo wa rimu unaweza kuyumba kwa kama 0.3 mm.

Nati ndizo husahaulika zaidi. Rimu nyingi za kununua kando zina viti (mahali nati inapokalia) vya koni ya digrii 60. Nati za rimu za aloi za kiwandani za Toyota nyingi ni bapa zenye washa, na za Honda zina kitako cha mviringo. Ukizifunga kwenye kiti cha koni hazikai: hugusa kwenye mstari mwembamba tu, rimu hulala upande, na baadaye nati hulegea. Hilo ni hatari kuliko mtetemo wenyewe, kwa hiyo nunua nati zinazolingana na kiti cha rimu. Nyuzi za skrubu za nati nazo zilingane na za stadi: M12x1.5 (kipenyo mm 12, mwachano wa nyuzi mm 1.5) kwa Toyota na Honda nyingi, M12x1.25 kwa Nissan na Subaru nyingi. Nati iingie angalau mizunguko 8 kamili kwa M12x1.5, au 10 kwa M12x1.25.

Hakikisha pia mpangilio wa matundu ya nati ni wa gari lako hasa. Rimu ya 5x112 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha mm 112) inaweza kulazimishwa kwenye stadi za 5x114.3 na ikaonekana imeingia. Hiyo haina marekebisho, irudishe.

Kufunga kwenyewe kuwe hivi. Gari likiwa juu ya jeki na stendi, sukuma rimu mpaka ikae bapa kwenye habu, kisha ingiza nati zote kwa mkono. Zikaze kidogo kwa mtindo wa nyota huku ukilizungusha gurudumu kila unapokaza, uzito wake usilivute chini. Ndipo lishushe gari, umalizie kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari; magari mengi madogo huwa kati ya 100 na 120 Nm. Bunduki ya upepo isitumike kumalizia. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pima tena.

Kama bado unatetemeka

Sasa rudi kwenye balansi, lakini simama uangalie. Vyuma vya balansi vya zamani vyote vitolewe na matope ya ndani ya rimu yaoshwe. Ringi ya plastiki itolewe, koni iingie kutokea nyuma, ishike chuma cha rimu chenyewe. Mashine ikishasoma sifuri, mwombe fundi alegeze gurudumu, alizungushe nusu mzunguko kwenye shafti, alibane na kulipima tena. Likisoma zaidi ya gramu 5, halikushikwa katikati na balansi yote irudiwe. Jaribio hili huchukua muda mfupi tu, na hufichua gurudumu lisiloshikwa katikati.

Likiwa bado linazunguka kwenye mashine, tazama ukingo wa rimu kutoka pembeni na kutoka juu. Kwa saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachopima kuyumba), rimu ya aloi isiyumbe zaidi ya takriban 0.7 mm, na tairi likiwa limefungwa kwenye rimu lisizidi 1.3 mm hivi. Angalia pia mstari ulio kwenye shavu la tairi karibu na rimu: uwe na umbali sawa kuzunguka pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa. Litolewe upepo, lipakwe sabuni ya tairi, lijazwe upya. Rimu ikiwa nzima ila tairi ndilo linaloyumba, ligeuze nusu mzunguko juu ya rimu na upime tena.

Spesa (sahani inayowekwa kati ya habu na rimu) nyembamba ya 5 mm inaweza kumeza mdomo wa habu, na ringi ikakosa pa kushika. Itoe, au weka spesa yenye mdomo wake wa katikati.

Baada ya yote haya kinachobaki ni chini ya gari. Rimu nzito zaidi, au zilizotokeza nje kuliko za mwanzo, huonyesha ulegevu uliokuwepo tangu awali: bushi za mikono ya chini, boljointi, ncha za tairodi, beringi ya habu. Inua gari, shika gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, badilisha kilicholegea kabla ya kulipia balansi nyingine.