Somo: Kuisoma Barcelona kwa hatua za miguu na krayoni

Kundi la wanafunzi wa usanifu likitua Barcelona bila kazi maalumu, hurudi na picha za majengo ya msanifu Gaudí ambazo tayari zimejaa mtandaoni. Somo hili linawapa kazi ya mikono: kuusoma mji kuanzia mtaa mzima hadi kigae kimoja cha kukanyagia. Limepangwa kwa wanafunzi 12, walimu 2 na siku 3.

1. Makaratasi

Viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo) kila mtu huomba yake, hata mkisafiri pamoja. Dirisha hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Msisubiri siku hizo 15, maana uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na tarehe zake zifunike safari yote.

2. Vikosi vya watu wanne

Mpimaji, mchoraji, mwandishi na mlinzi. Mlinzi hachori chochote: anaangalia mabegi, baiskeli na magari. Wezi wa mifukoni hupenda mtu aliyeinama na daftari. Badilishaneni zamu kila siku.

3. Siku ya kwanza: mtaa wa Eixample

Mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa mwaka 1859 uligawa eneo hili katika miraba yenye upande wa mita 113.3, na barabara za kawaida za mita 20: mita 10 za magari, mita 5 za waenda kwa miguu kila upande. Kila kona ya mraba imekatwa mshazari, yapata mita 20, ili vyombo vipate nafasi ya kukata kona na watu waonane.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanafunzi anahesabu hatua kwenye ukuta ulionyooka, kisha anagawanya 113.3 kwa hatua hizo. Ukuta huo una mita 85 tu, kwa sababu kila kona imekula kama mita 14. Basi tumieni 85: hatua 113 maana yake hatua moja ni sentimita 75. Kila mtu aandike urefu wa hatua yake kwenye jalada la daftari, ndiyo rula yake kwa safari yote.

Ingieni pia ndani ya mraba mmoja wenye bustani iliyo wazi kwa umma. Cerdà alitaka majengo yakae pande mbili tu, katikati pabaki kijani. Wenye viwanja wakajenga pande zote nne. Chora mpango na matokeo kwenye ukurasa mmoja.

4. Siku ya pili: kigae cha barabara ya Passeig de Gràcia

Fikeni saa 2 asubuhi, maduka hayajafunguliwa. Kigae cha Gaudí kina pembe sita, na peke yake hakikamilishi umbo lolote: kimebeba vipande vya maumbo matatu ya baharini. Vigae vitatu vikikutana, umbo moja linatimia. Kuyaona yote matatu kunahitaji vigae 7, kimoja katikati na 6 kukizunguka.

Nakilini maumbo hayo kwa kusugua krayoni juu ya karatasi. Fagia vumbi kwa brashi, la sivyo gundi ya utepe wa kushikia karatasi haishiki. Tandaza karatasi nyembamba ya roli, upana wa sentimita 90. Laza krayoni nyeusi ya nta kwa ubavu na usugue kuelekea upande mmoja tu, kutoka katikati kwenda nje. Penseli hupakaa mkono unapopita juu yake, na ncha ya krayoni hutoboa karatasi kwenye kingo. Kigae kikiwa na unyevu, ahirisheni, karatasi itachanika.

5. Siku ya tatu

Asubuhi, banda la maonyesho la msanifu Mies van der Rohe: la mwaka 1929, likabomolewa, likajengwa upya kufikia 1986. Hesabuni nguzo 8, kisha mtafute ukuta gani haubebi kitu. Mchana, jumba la makumbusho ya ubunifu (Museu del Disseny) pale eneo la Glòries. Jumba hilo hufungwa Jumatatu.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Tununue tiketi gani ya metro kwa kundi?*
Marahaba. T-casual ina safari 10 lakini ni ya mtu mmoja. Mkipokezana ni kosa. Ya kushirikiana ni T-familiar, safari 8. T-casual haifungui vituo vya metro vya uwanja wa ndege, kwa hiyo nauli hiyo iwekeni kando.

*Kanisa la Sagrada Família tuingie saa ngapi?*
Inategemea mnasoma rangi ipi. Vioo vya mashariki ni buluu na kijani, huwaka asubuhi. Vya magharibi ni vyekundu na chungwa, huwaka alasiri. Tiketi ina saa yake, nunueni mapema mtandaoni.

*Tuna wanafunzi Waislamu. Chakula je?*
Mtaa wa Raval una migahawa mingi ya halali. Ila jikoni nyingi mjini hazipiki chakula cha jioni kabla ya saa 2 usiku, basi mle vizuri mchana, na mlinzi abebe maji na matunda.

*Krayoni ya nta haitayeyuka begini?*
Kiangazi italainika na kuchafua karatasi. Itie kwenye kopo la bati na ulifunge kwenye kitambaa kilicholowa.