Kusoma Biblia kwa kidole: panua maandishi kwanza

Jumatano moja kwenye kipindi cha Biblia hapa usharikani kwetu, Iringa, nilikuwa nasoma Warumi 8 kwa sauti kutoka kwenye kishikwambi. Nilipofika mstari wa 38, kidole gumba nilichoshikia kikateleza juu ya kioo, ukurasa ukaruka, nikajikuta Warumi 9. Watu wametulia wanasubiri, mimi natafuta nilipoachia. Iliniuma, maana mistari ile miwili ya mwisho ndiyo niliyokuwa nimewaandalia. Tangu hapo siingii kipindini kabla sijaiandaa programu ya Biblia, na wenzangu nawaelekeza hivi.

Anza na maandishi. Wengi huacha herufi ndogo ili sura nzima ienee, halafu wanasema kioo kibovu. Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android kwamba kitu cha kugusa kiwe na upana wa milimita 9 hivi. Sasa itazame ile namba ya tanbihi iliyokaa juu ya neno: ni kama punje ya mtama. Kwenye AndBible, programu ya Biblia ya Android ambayo ni ya bure na haihitaji bando ukishapakua Biblia zako, ongeza ukubwa wa herufi, kisha ongeza nafasi kati ya mistari. Hiyo nafasi ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo inayozuia kidole kugusa viungo viwili kwa mpigo.

Ukisoma mbele za watu, zima namba za Strong, yaani zile zinazounganisha neno na neno la asili la Kiebrania au Kigiriki. Zikiwa zimewashwa, karibu kila neno linakuwa kiungo. Unasogeza ukurasa, kamusi inafunguka. Ziwashe nyumbani, kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James yenye namba hizo, pale unapochimba. Mfano Yohana 21:15-17, Yesu anapomuuliza Petro: Kiswahili chetu kinasema "wanipenda" mara zote tatu, lakini ukigusa namba utaona maneno mawili tofauti ya Kigiriki ya kupenda: 25, agapao, mara mbili za kwanza, na 5368, phileo, mara ya tatu. Hapo gusa taratibu, neno moja moja. Na kishikwambi kisimamishe kwenye stendi, usikishike mkononi.

Kompyuta ya skrini ya kugusa ina shida yake. e-Sword, programu ya kusomea Biblia kwenye kompyuta, ilitengenezwa kwa ajili ya kipanya: unasogeza mshale juu ya rejeo, mstari unajitokeza, unausoma bila kuondoka ulipo. Kidole hakiwezi kuelea hivyo, kikigusa kimegusa. Kwa hiyo siku ya kufuata marejeo mengi mimi huchomeka kipanya, na sioni sababu ya kujitesa. Kwa kazi nyingine, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows upandishe ukubwa kutoka asilimia 100 hadi 150, vitufe vinenepe. Mipaka kati ya madirisha ya Biblia, kamusi na maelezo ni myembamba mno kwa kidole; ipange mara moja kwa kipanya, kisha iache. Menyu ya kitufe cha kulia utaipata kwa kubonyeza na kushikilia mpaka alama itokee, ndipo uachie.

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniletea kishikwambi alichonunuliwa na mwanawe, akisema hakimsikii. Nikamwangalia anavyogusa: kwa ncha ya ukucha, na vidole vimekauka kwa jembe. "Mama, tumia hapa penye nyama," nikamwonyesha kwenye kidole chake. Tukafuta kioo kwa kanga, akapaka mafuta kidogo mikononi, akajifuta. Akagusa tena Zaburi, akagusa 121. Ikafunguka, akaanza kusoma palepale amesimama.