Kivumbasi: panda kimoja tu uani uone nyuki watakavyokuja

Kama maboga yako yanatoa maua kibao halafu vile vitoto vinageuka njano na kudondoka vikiwa saizi ya ndimu, mara nyingi shida sio mbolea, ni kwamba ua jike halikutembelewa na mdudu. Ua la boga linafunguka alfajiri na ikifika mchana limeshajifunga, kwa hiyo kama nyuki hawakupita asubuhi ile imekula kwako. Wanachotaka ni kitu kinachochanua karibu muda wote hapo jirani, na kwa hilo wala usihangaike na maua ya kununua, panda kivumbasi.

Nasemea kile kirefu kinachopita kiuno, shina lake changa ukilishika lina pembe nne, likizeeka linakuwa gumu kama mti, na majani ukiyafikicha yananukia karafuu karafuu hivi. Sio ule mrehani wa kikuba, ule ukishatoa mbegu unajifia, hiki kinakaa miaka. Maua yake ni madogo ya rangi ya maziwa, kwa macho yetu hayana lolote, ila nyuki hawayaachi.

Mche omba kwa jirani au tafuta kando ya njia. Kata tawi lisilo na maua, urefu kama sm 15, toa majani ya chini, yale ya juu yapunguze nusu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini na usiache pakauke. Ukitaka lishike vizuri kata kitako cha chupa ya maji ulifunike nayo. Wiki mbili tatu hivi livute kidogo, likikataa kutoka ujue mizizi ipo. Mbegu nazo zinaota ila ni ndogo sana, usizifukie, zimwage juu ya udongo uzikandamize na kiganja basi, na usimwagilie kwa ndoo utazisomba zote.

Hamishia panapopata jua la kutosha, muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, na maji yasituame (kama udongo wako ni mfinyanzi inua tuta kabisa). Mwanzo wa masika au wa vuli ndo muda mzuri maana mvua inakusaidia kumwagilia. Samadi iliyooza kiganja kimoja viwili inatosha, ukizidisha utapata majani tupu. Huna kiwanja? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inafaa kabisa. Kuku ndo uwazibie mapema, watachakura mche wote. Na usikipande mlangoni au watoto wanapochezea, nyuki watakuwa wengi kweli.

Sasa kwenye kupogoa ndo watu wengi wanaharibu. Mche ukifika sm 30 kata kile kichwa chake ili utawanyike matawi. Baadaye maua yakishakauka watu wanachukua panga wanafyeka lote kwa mkupuo, matokeo yake wiki kadhaa hakuna ua hata moja na nyuki wameshahamia kwa wengine. Kata nusu ya matawi kwanza, yale yaliyomaliza, uyaache mengine, yale uliyokata yakianza kuchipua ndo ukate ile nusu nyingine, hapo maua hayakatiki. Na kila unapokata acha majani mabichi chini ya mkato, ukikata kwenye shina kavu lisilo na jani linachelewa sana kuchipua au halichipui kabisa. Yale matawi uliyokata usitupe, yachome jioni nje moshi wake ufukuze mbu, kama wazee walivyofanya siku zote.

Vidukari vikija tumia maji ya sabuni, kidogo tu, na usiguse maua. Dawa ya kwenye nyanya je? Jamani msipige asubuhi, mtaua haohao mliowaita, ngojeni jioni nyuki wakisharudi kwao.

Ukishakaa nacho utakuta vichipukizi vinajiotea chini yake. Hamisha viwili vitatu karibu na pasheni, kwa sababu ua la pasheni linawataka wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, na hao nao kivumbasi hawakiachi.