Lakteti iko juu na mgonjwa hana shoki? Pitia dawa zake

Majibu yamerudi lakteti 5, presha safi, oksijeni safi, miguu ina joto, na tayari kuna mtu kaning'iniza dripu ya tatu akidhani ni shoki, yaani damu haifiki vizuri kwenye viungo. Hebu tulieni kwanza. Lakteti (zao la mwili kuchoma sukari) haipandi kwa kukosa oksijeni tu, kuna dawa kibao zinaipandisha, kwa hiyo mimi huwa naenda hivi.

Hatua ya 1: hakikisha namba yenyewe

Kama mpira wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu ulibana muda mrefu na mgonjwa akawa anakunja ngumi, au sampuli imekaa tu mezani ikisubiri mtu wa kuipeleka, chembe nyekundu zinaendelea kutengeneza lakteti humohumo kwenye tyubu. Chukua upya, mpira usibane sana au usiutumie kabisa, tyubu ya kifuniko cha kijivu (ile yenye floraidi), weka kwenye barafu, maabara moja kwa moja. Cheki na yuniti jamani, ikiwa ni miligramu kwa desilita gawa kwa 9 upate milimoli kwa lita. Kawaida ni chini ya 2. Ikivuka 4 na pH (kipimo cha asidi ya damu, ikishuka asidi imeongezeka) iko chini ya 7.35, hiyo sasa ni asidosisi ya lakteti, yaani asidi imezidi kwenye damu.

Hatua ya 2: ondoa vile vinavyoua haraka

Sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), kuvuja damu, utumbo kukosa damu, degedege, ini kufeli. Kumkuta na dawa ya kushukiwa sio ruhusa ya kuacha kutafuta haya.

Hatua ya 3: soma karatasi ya dawa mstari kwa mstari

Na sio za nyumbani tu, hata alizopewa saa chache zilizopita hapohapo wodini.

Salbutamoli ndo inayotuchezea sana. Mgonjwa wa pumu kapigwa nebulaiza mfululizo, kifua kimefunguka, ukisikiliza filimbi zimepungua, lakini bado anahema mbio mbio. Watu wanadhani pumu imegoma wanaongeza nebulaiza nyingine, kumbe dawa imesukuma mwili uchome sukari kwa kasi, lakteti imepanda, na anahema hivyo ili atoe asidi! Ukiongeza dozi unaongeza tatizo. Adrenalini nayo inafanya hivyohivyo.

Metformini (dawa ya kisukari) inasingiziwa sana, ila mgonjwa akiwa na figo nzuri mara nyingi sio yenyewe. Shida inakuja figo zikifeli, mfano kaharisha na kutapika siku kadhaa huku anaendelea kumeza vidonge kama kawaida, dawa haitoki, inajaa. Uchujaji wa figo (eGFR) ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika haitakiwi kutumika kabisa.

Kwa anayetumia ARV, uliza kama amewahi kuwa kwenye stavudini, didanosini au zidovudini. Hizi zinaumiza mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), na dalili zinakuja polepole mno, kichefuchefu, tumbo kuuma, uchovu, kupungua uzito, mtu anatibiwa vidonda vya tumbo wee. WHO ilishauri mwaka 2009 stavudini iondolewe taratibu, sababu mojawapo ni madhara kama haya.

Linezolidi (antibayotiki) nayo, hasa ikizidi siku 28, na wagonjwa wa TB sugu wanaitumia miezi kwa hiyo msiwasahau. Propofoli (dawa ya usingizi) ya dozi kubwa kwa muda mrefu ICU pia imo.

Hatua ya 4: simamisha au punguza, kisha pima tena

Ya salbutamoli inashuka ndani ya saa chache ukipunguza dozi, na pH mara nyingi haijaharibika sana. Ila usikate dawa ya pumu ghafla wakati kifua bado kimebana, hapo amua na mkubwa wako. ARV usisimamishe kienyeji, ongea na kliniki yake abadilishiwe mseto. Kwa metformini, lakteti ikizidi 20 au pH ikiwa 7.0 kushuka chini, huyo ni wa kusafishwa damu kwa mashine, piga simu mapema usisubiri azidi kuzidiwa. Bikaboneti (ya kupunguza asidi) peke yake haiondoi dawa mwilini.

Kama mgonjwa ni mlevi sana au hajala siku nyingi, mpe thayamini (vitamini B1) ya mshipa, ni rahisi na upungufu wake wenyewe unapandisha lakteti.

Hatua ya 5: andika

Jina la dawa, dozi, tarehe aliyoanza, lakteti kabla na baada ya kuisimamisha, vyote kwenye faili, na ujaze fomu ya madhara ya dawa. Mgonjwa naye mwandikie jina la dawa kwenye kadi yake, maana kliniki atakayoenda mwezi ujao hawatakuwa na faili lako.