Kukusanya majina ya mitaani ya viungo vya mwili Dodoma

Usimuulize mtu, "Kichwa mnakiitaje huku?" Ukishalitaja neno umemlisha jibu. Gusa mahali penyewe mwilini mwako, uliza, "Hapa mkitaniana mnapaitaje?" Kugusa nako kuna mtego wake: ukigusa kiwiko, mmoja atasema "kiwiko", mwingine "mkono", maana mkono wetu huanzia begani hadi vidoleni. Gusa na sehemu ya jirani ndipo uandike.

Kadi moja, neno moja. Andika neno, sentensi nzima aliyoitamka, umri, jinsia na alikokulia. Hilo la mwisho wengi huliruka, kisha neno la Temeke linaingia daftarini kama la Wagogo. Kijiwe kimoja cha bodaboda karibu na soko la Majengo kinaweza kuwa na watu wa mikoa mitano. Wamarekani, kwa kamusi yao ya maneno ya kimaeneo, walizunguka jamii 1,002 kati ya 1965 na 1970 na maswali zaidi ya 1,600. Kwa sababu kila jibu lilikuwa na mahali pake, waliweza kuonesha kuwa "goozle", yaani koo, ni neno la kusini hasa.

Kazi yenyewe iko kwenye kutenganisha kiungo na umbo. "Komwe" si paji la uso. Ni paji lililotokeza, duara na gumu kama kete za bao. "Kitambi" na "chogo" ni vivyo hivyo. Uliza, "Kila mtu analo?" Akicheka akakataa, hilo ni umbo, liweke fungu lake. "Domo" na "guu" ni mdomo na mguu katika hali ya ukubwa tu, usiyahesabu kuwa maneno mapya. "Guu la bia" lihesabu: sarufi peke yake haikupi maana yake.

Mtu akisema "moyo unauma" huku kiganja kiko juu ya tumbo, kwenye chembe ya moyo, andika kiganja kilipo.

"Wowowo" na "msambwanda" usiyatafute mbele ya wakwe wala watoto. Utaambulia "makalio", na mazungumzo yataishia hapo.

Ukifika Kwa Mtoro kwa Wasandawe, kalamu haitoshi. Maneno yao mengi yana vidoko, sauti za kualiza ulimi, ambavyo herufi zetu hazina. Rekodi kwa simu, sogeza kipaza sauti karibu, mwombe mzee arudie mara tatu.