Kutoka Kitale hadi Koitobos kwa baiskeli: jinsi ya kujipanga

Mlima Elgon hauna msongamano wa wapandaji, na ukitoka Kitale huhitaji matatu: lango la Chorlim, la kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, haliko hata kilomita 30. Kilele cha Koitobos, kilichoko Kenya, kina mita 4,222. Wagagai, mita 4,321, kiko ng'ambo, Uganda. Huko juu hakuna duka wala fundi, kwa hiyo unachohitaji utakibeba mwenyewe.

1. Hesabu meno ya gia. Blakimamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, hubeba gunia la mahindi tambarare bila taabu, lakini gia yake moja itakushinda mlimani. Tafuta baiskeli ambayo gia ndogo ya mbele ina meno machache kuliko gia kubwa ya nyuma, mfano 26 mbele na 34 nyuma. Tairi ziwe na upana wa inchi 2 hivi. Safiri kati ya Desemba na Februari. Mvua za masika zikianza, udongo mwekundu wa Trans Nzoia hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu ligome.

2. Punguza mzigo, kisha ufunge. Hapa ndipo safari huharibikia. Tandaza kila kitu sakafuni: hema, mfuko wa kulalia wa baridi kali (usiku maji huganda huko juu), koti la mvua, nguo moja ya sufu, jiko la gesi, tyubu mbili, viraka, pampu, spoku za akiba. Jinzi ibaki nyumbani, maana ikilowa haikauki.

Vizito vikae chini, karibu na ekseli, vyepesi juu. Funga kwa blada, ile mipira inayokatwa kwenye tyubu kuukuu, wala si kamba ya nailoni ambayo hulegea kwenye mashimo. Ivute mpaka iwe nyembamba, zungusha huku umeikaza, kisha chomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Shika keria utikise. Mzigo ukicheza hata kidogo, fungua uanze upya.

3. Acha maharagwe. Kwenye mita 3,500 maji huchemka kwa nyuzi 88 hivi badala ya 100. Utamaliza gesi na maharagwe bado ni mawe. Beba omena iliyokaangwa, unga wa ugali, unga wa wimbi, njugu na sukari ya kutosha.

4. Panga malazi kwa mita, maana huko juu hewa ni nyepesi na ukipanda haraka utaugua. Kitale yenyewe iko kwenye mita 1,900 hivi, kwa hiyo mtu anayetoka chini, kama Kisumu, afanye vyema kulala hapo kwanza. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, baki hapo hapo. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi au kuongea ovyo, mteremshe papo hapo, hata kama ni usiku. Asubuhi inaweza kuwa umechelewa.

5. Zungumza na KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, kabla ya kufika langoni. Uliza ada, askari wa kukusindikiza, na kama baiskeli inaruhusiwa, na mpaka wapi. Msituni kuna nyati na ndovu, na nyati hakwepeki kwa kengele. Wakikataa baiskeli, omba kuiacha hapo, uhamishie mzigo begani. Pango la Kitum, ambako ndovu huingia kuchimba chumvi, mimi hulitazama nje tu: wageni wawili walioingia humo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikufa kwa virusi vya Marburg, na popo ndio wanaovibeba.

6. Kushuka. Usibane breki mfululizo. Bana, achia, ukibadilisha ya mbele na ya nyuma, na usimame mara kwa mara rimu zipoe. Ukifika Endebess gusa spoku za gurudumu la nyuma moja moja. Iliyolegea ikazwe na fundi hapo hapo kabla hujashika lami ya Kitale.