Jinsi ya kuomba daraja la umri la gemu yako kabla ya kuipandisha Google Play

Gemu imekamilika, umeijaribu kwenye simu tatu tofauti, na sasa unataka kuipandisha Google Play. Kuna fomu moja ambayo wengi wetu huijaza mbio mbio usiku wa manane: dodoso la daraja la umri. Naomba uipe saa nzima. Mzazi aliyeko Tabora hakujui wala hatakuona. Anachokiona kabla ya kumpa mwanawe simu ni ile namba ndogo karibu na jina la gemu yako, na namba hiyo inatokana na majibu yako.

Dodoso ni la IARC, umoja wa vyombo vinavyokadiria umri unaofaa kwa michezo ya video ulioanzishwa mwaka 2013. Wamo ESRB wa Marekani, PEGI wa Ulaya, USK wa Ujerumani, ClassInd wa Brazil na wengineo. Unajibu mara moja, bila kulipa chochote, na kila chombo kinatoa daraja lake kwa kufuata kanuni za kwao. Kwa hiyo gemu moja inaweza kuwa ya miaka 12 Ujerumani na 18 Australia. Wachezaji wa Tanzania na Kenya huona alama ya jumla ya IARC: 3+, 7+, 12+, 16+ au 18+.

Kabla ya kufungua fomu, chukua daftari uicheze gemu yako kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata zile hatua ngumu ambazo wachezaji wachache watazifikia. Juzi nilifanya hivyo na kijana anayetengeneza gemu ya konda wa daladala. Alikuwa na hakika kwamba ni ya watoto: rangi angavu, honi, chenji. Baada ya dakika arobaini daftari lilikuwa na mambo manne. Konda anamtukana abiria aliyekataa kusogea. Kituo cha tatu anapanda mlevi na chupa ya bia mkononi. Bodaboda ikigongwa, dereva wake anaanguka, kisha anainuka bila damu. Na jioni, baada ya hesabu ya tajiri, linatokea gurudumu la bahati. Vyote vinne alivichora mwenyewe, lakini hakuwahi kuviona vikiwa pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Sasa ingia Play Console, tovuti ya Google ya watengenezaji wa programu, chagua programu yako, nenda kwenye maudhui ya programu, kisha kwenye ukadiriaji wa maudhui, uanze dodoso. Kwanza utaombwa barua pepe. Weka ya studio, unayoisoma kila siku, kwa sababu cheti cha daraja kitatumwa huko, na chombo chochote chenye swali kitakuandikia huko. Usiweke ya fundi uliyemlipa kwa mwezi mmoja. Kisha chagua aina: gemu.

Maswali yanahusu ukatili, vitisho, mambo ya ngono, lugha, vileo na dawa za kulevya, kamari, pamoja na yale wachezaji wanayoweza kufanya kati yao. Jibu kwa kilichomo, hata kama kinatokea mara moja tu. Mlevi wa kituo cha tatu anahesabiwa. Utakuta pia swali kuhusu alama za Kinazi, ambalo kwetu linaweza kuonekana geni, lakini Ujerumani ni jambo la sheria ya jinai.

Penye kamari tulia zaidi, kwani hapa ndipo majibu mengi huharibika. Tenganisha mambo matatu. La kwanza ni kuigiza kamari: mchezaji anaweka sarafu za ndani ya gemu kwenye meza ya karata au mashine ya bahati, bila fedha halisi kutoka. La pili ni kuuza vitu vya kubahatisha: mchezaji analipa fedha halisi kwa sanduku asilojua kilichomo. La tatu ni kamari yenyewe, mtu anaweka fedha na kushinda fedha. Hiyo ya tatu inahitaji leseni. Hapa Tanzania mlango wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Google Play huiruhusu katika baadhi ya nchi tu.

Usidhani mawili ya kwanza ni mepesi. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya kulipia ni kamari. Tangu 22 Septemba 2024, Australia inaziweka gemu mpya zenye kamari ya kuigiza kwenye daraja la watu wazima pekee. Yule kijana wa gemu ya daladala aliamua kuliondoa gurudumu na kuweka zawadi ya kila siku inayojulikana mapema. Kwa maoni yangu alifanya vyema, maana gemu yake haikulihitaji.

Kuhusu mazungumzo: kama wachezaji wanaweza kuandikiana au kusikilizana, sema ndiyo, hata ukiwa umeweka kichujio cha matusi. Sema ndiyo pia kama gemu inaonyesha wengine mahali mchezaji alipo, au inauza kitu chochote ndani.

Hifadhi, pitia muhtasari, wasilisha. Madaraja hutokea papo hapo. Ukiona daraja limezidi, rudi kwanza kwenye majibu yako. Mara nyingi kosa liko pale. Ukiwa na hakika na majibu, tumia kiungo kilichomo kwenye barua ya cheti kukata rufaa.

Usilichanganye daraja hili na sehemu ya walengwa, inayouliza unamtengenezea nani. Gemu inaweza kupata 3+ bila kuwa ya watoto. Na matangazo unayoyaonyesha lazima yaendane na daraja ulilopata: tangazo la kubeti ndani ya gemu ya 3+ ni kosa lako, hata kama limeletwa na kampuni ya matangazo.

Namba ya cheti itunze, kwani Microsoft Store inaikubali. Apple wana dodoso lao, utalijaza upya. Na siku utakayoongeza bunduki, gumzo au sanduku la bahati kwenye toleo jipya, jaza dodoso tena kabla ya kulipandisha. Weka nakala ya majibu kwenye folda ya kila toleo, pamoja na lile daftari.